Robine ya jikoni: namna ilivyofika Butembo, na kwa nini unaweza kuibadilisha wewe mwenyewe

Robine inayodondosha tone moja kila sekunde inapoteza karibu bido nzima ya lita 20 kwa siku moja. Hesabu si ngumu. Siku ina sekunde 86,400, na matone manne au matano yanatosha kujaza mililita moja. Sasa weka hesabu hiyo karibu na nyingine: mashirika yanayosaidia watu waliokimbia vita yana kipimo cha chini cha maji, nacho ni lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku, ya kunywa, ya kupika na ya kunawa. Maana yake ile robine ya jikoni ambayo tumezoea kuiwekea sufuria chini yake usiku inakunywa maji ya mtu mzima mmoja, na kubakisha.

Katika Butembo ya leo hilo si jambo la mzaha. Nyumba nyingi za Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba zimepokea ndugu waliotoka vijiji vya Beni, na wengine waliopanda kutoka kusini mwa Lubero baada ya Kanyabayonga kuanguka mwishoni mwa mwezi wa 6 mwaka 2024. Robine iliyokuwa ya watu saba sasa inafunguliwa na watu kumi na tano au ishirini, toka alfajiri hadi usiku. Inachoka upesi. Na ikichoka, mara nyingi watu wanafunga kamba, wanaweka sufuria, wanangoja fundi apatikane na feza ya kumlipa ipatikane. Wiki zinapita.

Wasikilizaji wametuuliza mara nyingi kama mtu asiye fundi anaweza kubadilisha robine. Anaweza. Ila ningependa kwanza nieleze chombo hiki kimetoka wapi, kwa sababu historia yake ndiyo inayoonyesha kwa nini kazi hii ni nyepesi kuliko tunavyofikiri.

Tuanze na jina. Sisi tunasema robine, ndugu zetu wa Tanzania wanasema koki au bomba, na Wakenya wengi wanasema mfereji. Neno letu limetoka kwa Kifaransa, na Wafaransa wenyewe walilitoa kwenye jina Robin, ambalo zamani watu wa vijijini walimwitia kondoo. Sababu ni kwamba midomo ya chemchemi za kale ilichongwa kwa sura ya kichwa cha kondoo. Basi kila unapomtuma mtoto afunge robine, unamtuma akafunge kinywa cha kikondoo.

Robine za zamani zilikuwa kizibo tu: kipande cha mti au cha chuma chenye tundu katikati, ukikizungusha maji yanapita, ukikirudisha yanakatika. Kwa pipa la divai kilitosha. Lakini miji ya Uingereza ilipoanza kusukuma maji kwa nguvu ndani ya mabomba, kizibo kilivuja. Mwaka 1845, kiwanda cha Guest and Chrimes cha mji wa Rotherham kilipata haki ya ubunifu wa robine ya skrubu. Unazungusha kichwa, skrubu inashuka, inabana kipira juu ya tundu, maji yanasimama. Ile robine ya shaba ya manjano yenye kichwa cha msalaba, iliyoko bado katika nyumba nyingi za wazee wetu, ni mjukuu wa robine hiyo.

Miaka minne mbele ya hapo, mwaka 1841, fundi Mwingereza Joseph Whitworth alikuwa amependekeza jambo ambalo, kwa maoni yangu, limetufaa watu wa Butembo kuliko hotuba nyingi za maji tulizowahi kurekodi. Wakati ule kila karakana ilikata fileti yake, yaani yale meno ya skrubu, kwa kipimo chake. Skrubu ya kiwanda kimoja haikuingia kwenye tundu la kiwanda kingine. Whitworth akasema: tuwe na kipimo kimoja, meno yenye pembe ya digrii 55, na idadi inayojulikana ya meno kwa kila inchi. Baadaye kipimo hicho kilienea kwenye mabomba ya maji, na hata nchi za Ulaya zinazopima kila kitu kwa mita zilikubali fileti ya Kiingereza kwa mabomba. Ubelgiji ilikuwa kati yake. Ndiyo iliyoingia Kongo.

Hapo ndipo utaelewa jambo linalowachanganya wengi dukani. Kwenye kisanduku cha robine imeandikwa 1/2, nusu inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7. Lakini ukichukua rula ukapima fileti ya robine kwa nje, unapata karibu milimita 21. Muuzaji hakudanganyi. Namba ile inatokana na tundu la bomba la chuma la zamani, siyo unene wake wa nje. Wafaransa, wakichoka na fumbo hilo, waliita bomba hilo hilo 15/21: milimita 15 kwa ndani, 21 kwa nje. Inayoifuata kwa ukubwa, 3/4, wanaiita 20/27. Katika nyumba zetu robine ya jikoni karibu kila mara ni ya 1/2. Ukiwa na shaka, fungua robine ya zamani uende nayo dukani, uifananishe na mpya, fileti kwa fileti.

Kwa sababu ya kipimo hicho kimoja, robine iliyotengenezwa China mwaka jana, ikapita bandari ya Mombasa, ikapanda lori hadi Kampala, ikavuka Mpondwe na Kasindi, ikafika kwenye kenkayeri ya Butembo, inaingia moja kwa moja kwenye bomba la chuma lililofungwa na Wabelgiji kabla ya uhuru. Wafanyabiashara wetu walioanza safari za Dubai na Asia hawakuhitaji kumuuliza mtu kama itaingia.

Kuhusu bomba lenyewe, historia yetu ni fupi na haifurahishi. Wakati wa ukoloni maji ya ndani ya nyumba yalikuwa ya wachache: makampuni kama Minière des Grands Lacs, misheni, nyumba za Wazungu. Mwafrika alikuwa na mto na chemchemi. REGIDESO ilizaliwa tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka 1939 ili kugawa maji na umeme katika koloni, na miji mikubwa ndiyo iliyotangulia. Butembo ilikua haraka kuliko bomba la serkali. Kwa miaka mingi tulijulikana kama mji mkubwa wa biashara ambao wakaaji wake wengi hawana maji ya REGIDESO wala umeme wa SNEL. Umoja wa Mataifa ulitangaza miaka ya 1981 hadi 1990 kuwa miaka kumi ya maji safi kwa wote. Ilipita.

Watu hawakukaa mikono mitupu. Butembo ni mji wa milima, mita zaidi ya 1,700 juu ya bahari, na chemchemi zake ziko kwenye miteremko. Vikundi vya mitaa, makanisa na mashirika vilijenga chemchemi, vikafunga tangi juu, vikashusha mabomba kwa mteremko bila mashine yoyote. Kila mita 10 za mwinuko zinatoa nguvu ya bar 1. Tangi likiwa mita 50 juu ya nyumba yako, robine yako inabeba bar 5. Ndiyo maana nyumba za bondeni kuelekea mto Kimemi zinaua robine haraka, na nyumba za juu zinapata kauzi tu ka maji. Watu wa bondeni wanalalamika kwamba wanauziwa robine mbaya. Wakati mwingine ni kweli, wakati mwingine ni mlima.

Sheria ya maji namba 15/026 ya tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2015 iliyapa majimbo na serkali za mitaa mamlaka juu ya huduma ya maji, na ikafungua mlango kwa wengine wasio REGIDESO. Sisi tulikuwa tumekwisha kuupita mlango huo kwa miguu yetu. Kwa ajili ya kazi ya leo shika jambo moja: bomba lililo mbele ya kompta ni la anayegawa maji, usiliguse. Kuanzia kompta hadi jikoni ni lako.

Kuna uchunguzi mmoja wa Afrika ya Mashariki ambao ningependa usikilizwe na kila kamati ya maji. Watafiti walipita mahali 34 katika Kenya, Uganda na Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1960, wakapima maji yanayotumiwa nyumbani. Mwaka 1997 wengine walirudi mahali pale pale. Katika nyumba zenye bomba, maji anayopata mtu mmoja yalikuwa yamepungua karibu nusu. Mabomba yalikuwa yamezeeka, watu wameongezeka, maji yanakatika. Kufunga robine ni sherehe ya siku moja, na picha zinapigwa. Kipira cha ndani hakipigwi picha, nacho ndicho kinachokufa kwanza.

Sisi hapa tulipata shule nyingine ya robine, shule ya huzuni. Tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018 Ebola ilitangazwa, Mangina ikiwa kitovu, kisha Beni, kisha Butembo na Katwa. Hadi mwisho wake tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020, watu 3,470 walihesabiwa kuwa wagonjwa na 2,287 walikufa. Kwenye kila mlango wa soko, shule, kanisa na kwenye vizuizi vya barabarani kulikuwa na ndoo yenye robine ndogo ya plastiki na maji ya klori. Robine zile zilivunjika kila siku, na hakuna fundi aliyeitwa. Walimu, wanafunzi, mama wa sokoni, wote walijifunza: unatoboa ndoo, unaweka kipira kimoja nje na kimoja ndani, unakaza nati kwa mkono. Aliyewahi kufanya hivyo tayari anajua nusu ya kazi ya jikoni.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Angalia kwanza ni robine ya aina gani. Kama ni ya zamani, ile ya skrubu unayoizungusha mara kadhaa, huenda haihitaji kubadilishwa. Funga maji, fungua kichwa chake kwa kle, toa kipira kilicholiwa, weka kingine. Wazee walikata kipira kutoka kwenye mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, na kilifanya kazi. Lakini robine nyingi zinazouzwa leo ni za robo mzunguko: mkono unageuka kidogo tu, maji yamefunguka. Ndani yake kuna kitufe cha mviringo chenye tundu, au visahani viwili vya kauri, jambo lililoenea tangu miaka ya 1970. Ni rahisi kwa mtoto na kwa mzee mwenye mikono inayouma. Lakini zile za bei ya chini zikichoka hazifunguliki, zinatupwa. Ndiyo maana baba zetu walitengeneza na sisi tunabadilisha.

Dukani, pima robine kwa mkono. Ya shaba ya manjano ni nzito. Ile nyepesi inayong'aa sana kama pete ya harusi, bondeni haitamaliza mwaka. Nunua pia teflon, ule utepe mweupe. Teflon iligunduliwa Marekani mwaka 1938 kwa bahati, na mtu aliyekuwa akitafuta gesi ya kupoza friji. Kabla yake mafundi walitumia filasi, yaani uzi wa katani uliopakwa mafuta mazito, na wazee wa kazi bado wanaipenda.

Chagua saa ambayo watu wameshateka maji yao. Jaza bido mbili za akiba. Kisha funga vane, ile inayokata maji ya nyumba yote, mara nyingi iko karibu na kompta au pale bomba linapoingia kiwanja. Fungua robine ya jikoni uache maji yaliyobaki yaishe. Yasipoisha, vane haifungi vizuri. Usiendelee hadi umfikie anayegawa maji akate juu. Kufungua robine bomba likiwa na bar 5 ni kuoga bila kupenda, na jirani wa chini ataoga pia.

Unahitaji kle mbili. Moja inashika bomba au kiungo kilichoko ukutani, nyingine inazungusha robine kinyume cha mshale wa saa. Watu wanadharau kle ya kwanza. Bila hiyo, robine iliyoshikana na kutu inazungusha bomba lote, na bomba la plastiki linavunjika ndani ya ukuta. Hapo kazi ya nusu saa imekuwa kazi ya kubomoa. Ikikataa kutoka, mimina maji ya moto juu ya kiungo, ngoja, jaribu tena polepole.

Ikitoka, chunguza fileti iliyobaki ukutani. Toa teflon ya zamani, kutu na mchanga kwa mswaki mkuukuu. Kisha shika robine mpya, fileti ikikutazama, anza mwisho kabisa, viringisha teflon kufuata mshale wa saa, ukiivuta ikaze, mara kumi hivi. Ukiviringisha upande mwingine, itafunguka yenyewe unapokaza robine, na itavuja hata kama umetumia utepe wote. Nimeona hata mafundi wenye cheti wakikosea hapo.

Ingiza robine kwa mkono, bila kle, mizunguko ya kwanza yote. Ikigoma, imeingia upande. Toa, anza upya, usiilazimishe. Mkono ukishindwa, tumia kle kwa mizunguko michache, hadi mdomo utazame chini. Kwenye kiungo cha plastiki usitumie nguvu ya ugomvi: kinapasuka, na ufa hauonekani hadi usiku. Na mdomo ukipita chini kidogo, usiurudishe nyuma. Toa robine, ongeza teflon, ingiza tena.

Kwa wale wenye evye, robine imesimama juu ya beseni na chini yake kuna nati kubwa na bomba laini linalopinda. Hapo huhitaji teflon kwenye bomba laini, kwa sababu lina kipira chake ndani. Ukikaza kwa mkono na kuongeza robo mzunguko wa kle, inatosha. Ugumu wake ni kulala chali ndani ya kabati na taa ya simu mdomoni.

Fungua vane polepole, robine yenyewe ikiwa wazi, ili hewa itoke. Maji yatakohoa, yatatoka na uchafu kidogo. Yaache yapite hadi yawe safi, ukiyakinga kwenye ndoo, maana yanafaa kuosha sakafu. Kisha funga, pangusa kiungo kikauke kabisa, uweke kipande cha karatasi kikavu chini yake. Rudi baada ya saa moja. Karatasi ikiwa kavu, kazi imekwisha.

Neno kwa nyumba zilizopokea wageni. Mama mmoja aliyekimbia Lubero aliniambia kwamba anaogopa kugusa robine ya nyumba aliyopokelewa, kwa sababu ikivunjika mikononi mwake itasemwa kwamba wageni wameiharibu. Wenye nyumba, waonyesheni wageni vane iko wapi. Robine ikipasuka saa nane za usiku, anayejua vane ndiye atakayeokoa maji ya tangi, awe mgeni au mwenyeji. Na wageni, mkiona inaanza kudondoka, semeni siku ile ile; weka kikombe chini yake, hesabu dakika kinazojaa, umpe baba wa nyumba hiyo namba.

Robine ya zamani usiitupe. Kama ni ya shaba, kichwa chake na nati yake vitamfaa jirani mwenye ya aina hiyo, na wanunuzi wa vyuma vikuukuu wanailipa kwa kilo.